Nyumba Isiyo na Upenu

Nyumba yangu niliichagua nikiwa kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umeshika simu. Ilikuwa mwaka 2018. Kuna kijana alikuwa anauza ramani kwenye kundi letu la WhatsApp, anatuma picha za kompyuta: ukuta mweupe, mstari wa kijivu kama mkanda wa shati, madirisha mapana ya vioo, gari jeusi limeegeshwa mbele ingawa hakuna mtu kwenye kundi lile aliyekuwa na gari. Halafu, kubwa kuliko yote, nyumba haikuwa na paa. Yaani paa lipo, ila limefichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa, na nyumba nzima inaonekana kama boksi la viatu lililotulia kwenye majani. Nikalipa shilingi 150,000, nikatumiwa faili. Nilishuka kituo cha pili baada ya changu kwa sababu ya kuikodolea macho.

Niseme ukweli: niliipenda kwa kuwa haikufanana hata kidogo na nyumba ya mama.

Nyumba ya mama ilikuwa Tanga, Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba. Aliijenga babu, mzaa mama. Mtu yeyote wa pwani anaijua nyumba hiyo bila kuingia ndani: mlango katikati, korido inanyooka hadi uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na huko nyuma jiko, choo, stoo na mti wa mlimau. Kuta zake ni miti na udongo, zikapigwa plasta baadaye. Mbele kuna baraza la sementi, na juu ya baraza bati limetokeza mbele hatua mbili hivi. Huo ndio upenu. Mvua ikinyesha, watu wasiotujua hata majina walikuwa wanakimbilia pale, wanasimama wamejikunja, wanatusalimia kama wageni halali. Kuta za vyumba hazikufika juu. Ziliishia chini ya kenchi, na hewa ilipita juu kwa juu. Ukikohoa chumba cha kwanza, cha tatu wanakuitikia pole. Nilikulia humo nikiwa na ndoto moja tu, kupata chumba ambacho mtu hawezi kunisikia nikilia.

Basi nikakipata. Goba, juu ya kilima, tofali za bloku, lenta ya zege, dari ya jipsamu, marumaru hadi chooni. Mimi na mume wangu tulikopa, tukajinyima, tukaishi kwenye pagale mwaka mmoja na nusu tukiwa na madirisha ya mbao za kuazima. Tulipomaliza ukuta wa uzio na kufunga geti la chuma, mume wangu alilifunga, akalifungua, akalifunga tena. Nilimwelewa. Sisi wote wawili tulikulia kwenye nyumba ambazo kila mtu anaingia.

Mama alikuja kwetu mwaka 2021 baada ya kuanguka uani na kuumia nyonga. Kaka zangu wawili walikuwa wameshaamua kabla hata hajaruhusiwa kutoka hospitali: mama asikae tena peke yake Ngamiani, aende kwa binti yake, Dar, kwenye nyumba nzuri. Nami nilikubali haraka, na nilijivunia kukubali. Tulimpa chumba chenye choo ndani. Tulimwekea feni, televisheni, kitanda cha futi tano kwa sita. Siku ya kwanza aliizunguka nyumba yote akiegemea mkongojo, akagusa kuta, akasema, "Mashaallah. Imenyooka." Kisha akauliza, "Barazani ni wapi?"

Nikamwonyesha sebule.

"Hapa ni ndani, mwanangu. Nauliza barazani."

Nikacheka, nikadhani ni utani wa Kitanga.

Wiki ya pili nikirudi kazini jioni nikamkuta nje ya geti. Amegeuza ndoo ya rangi, ameikalia, kanga kichwani, anasalimiana na wapita njia. Shikamoo, marahaba, habari za huko mtokako. Kesho yake vilevile. Keshokutwa kulikuwa na dada muuza mboga amekaa naye chini, wanachambua mchicha. Mtaa wetu ni wa mageti. Watu wanapita na magari, vioo vimepandishwa. Jirani mmoja akamwuliza mume wangu, kwa sauti ile ya kuonea huruma, kama kuna tatizo nyumbani, maana mama mkwe anaonekana analala njaa nje.

Usiku ule nilimfuata mama chumbani na nikamwambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka natazama pembeni hata kama niko peke yangu. Nilimwambia, "Mama, unatuaibisha."

Hakujibu. Mama ni mtu wa majibu, kwa hiyo ningepaswa kushtuka. Aliitikia tu kwa kichwa, akavuta shuka. Kesho yake ndoo ilikuwa imeoshwa na kurudishwa stoo.

Wiki tatu zilizofuata hakutoka. Alikuwa anakaa kitandani, televisheni imewaka bila sauti, mlango umefungwa. Presha ikapanda. Daktari akauliza kama amebadilisha chakula. Mume wangu akasema hapana, anakula vilevile. Mimi sikusema kitu. Kwenye nyumba ile niliyoijenga ili nisisikike, sikumsikia mama yangu.

Masika ndiyo iliyonifungua macho, na haikunifungua kwa upole. Usiku mmoja dari ya sebule ilivimba katikati kama tumbo la mjamzito, ikakaa hivyo dakika chache, ikapasuka. Maji, majani ya mwembe, tope na kinyesi cha popo vilishuka juu ya kochi. Fundi alipokuja asubuhi alipanda juu, akakaa huko muda mrefu, akashuka na konzi ya majani meusi.

"Dada, hili paa lako linamwaga maji ndani," akasema.

"Najua linavuja."

"Silo ninalosema. Linafanya kazi kama lilivyochorwa. Bati zote mbili zinaelekea katikati, kwenye gata, nyuma ya ule ukuta. Gata likiziba, maji hayana njia ya kwenda ila chini. Paa la kawaida likishindwa linamwagia jirani. Hili likishindwa linamwagia mwenyewe." Akaangalia juu, akaangalia madirisha yaliyoungua rangi kwa jua la miaka mitatu. "Halafu halina upenu."

Niliichukua sentensi hiyo ya mwisho, nikaenda nayo kazini. Nyumba zetu hizi zimekatwa upenu kama kofia iliyokatwa ukingo ili uso uonekane. Jua la saa tisa linapiga kioo moja kwa moja, mvua ya upepo inapiga ukuta, na mpita njia hana pa kusimama hata dakika moja. Tunaziita za kisasa. Nimeshawahi kuandika makala gazetini kuzisifu, nikaweka na picha ya nyumba yangu mwenyewe bila kusema ni yangu.

Nikaanza kusoma, kama afanyavyo mwandishi wa habari akiwa na hatia: anatafuta ushahidi.

Kitu cha kwanza nilichokirudia ni daftari la safari yangu ya Lamu. Nilikwenda kikazi, miaka mingi kabla ya kujenga, kuandika habari za utalii wa mji ule ambao UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Nilikuwa nimechora, vibaya, ndani ya nyumba moja ya mawe. Sasa nikautafuta mchoro mzuri wa nyumba za aina hiyo kwenye kitabu cha Usam Ghaidan kuhusu mji huo, cha mwaka 1975, na nikakaa nao usiku kucha.

Tazama anavyoingia mtu. Kwanza kuna daka: kijibaraza chenye viti vya kujengewa pande mbili, kimeingia ndani ya ukuta kutoka njiani. Hapo mtu amekaa, anazungumza, anakunywa kahawa, na bado hajaingia kwako. Ukivuka mlango kuna tekani, kipito kilichopinda, ili mlango ukiwa wazi aliye njiani asione kitu ila ukuta. Kisha kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu, wenye mwanga na hewa. Kisha msana wa kwanza, msana wa pili, vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana kama kurasa, na mwisho kabisa ndani, wanapolala wenyewe, penye zile zidaka za chokaa zilizochongwa kama lesi, ambazo mgeni wa kawaida haoni kamwe. Mwembamba kwa nini? Kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mikoko ikizidi mita tatu hivi inalegea. Mti ule wa majini ndio uliopima upana wa vyumba vya pwani yote, na mafundi wakaugeuza upungufu huo kuwa mpangilio. Kwa kuwa chumba hakiwezi kupanuka, kinarudiwa, na kila kinaporudiwa kinakwenda ndani zaidi, karibu zaidi na moyo wa wenyewe.

Na pale ambapo familia ilihitaji nafasi zaidi, walivuka njia kwa juu, wakajenga wikio: chumba kinachounganisha nyumba mbili, watu na punda wanapita chini yake. Sijui ramani gani ya WhatsApp ingethubutu.

Nilihesabu. Kutoka njiani hadi kitandani, nyumba ile ya Lamu ina hatua tano au sita za ukaribu, na mwenye nyumba anaamua kila mtu asimame ya ngapi. Nyumba ya babu Ngamiani, ambayo ni ya maskini na ya udongo, ilikuwa na nne: upenu, baraza, korido, uani. Yangu ina mbili. Nje ya geti na ndani ya geti. Ama wewe ni wetu kabisa, ama wewe ni mwizi.

Nilikwenda kumwambia mama. Nilikaa miguuni pake, kwenye marumaru, nikamwonyesha mchoro kwenye simu. Aliukuza kwa vidole viwili, akautazama.

"Ndicho nilichokuwa nakitafuta," akasema. "Nyumba yenu haina pa kumkaribisha mtu nusu."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuisema nyumba tangu nilipomwambia lile neno. Sikuomba radhi pale. Nilitaka, nikashindwa, nikamwuliza anataka chai.

Kwa wapenzi wa maneno wanaosoma hapa, nawaachia hili lipite tu: tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Mitihani, kule Zanzibar Baraza la Wawakilishi, na Kiswahili chenyewe kina baraza lake. Serikali zetu tumezipa jina la benchi la sementi la mbele ya nyumba. Kisha tukajenga nyumba zisizo na benchi.

Nilichokuwa nakiogopa ni kwamba nitaishia kwenye ile hadithi ya kale ilikuwa bora, ambayo siiamini. Nilikulia kale. Nilisikia kila ugomvi wa wapangaji, na kaka zangu walipata kifua kikuu kwa zamu kwenye vyumba vile vyenye dirisha moja la ubao. Kwa hiyo nikatafuta watu waliobuni nyumba mpya bila kuukata upenu. Wapo wengi, wawili ndio walionikalia moyoni.

Mmoja ni Geoffrey Bawa wa Sri Lanka, ng'ambo ya bahari hiihii yetu. Alianza kama mwanasheria, akafuzu usanifu mwaka 1957 akiwa karibu na miaka 40. Nyumba yake mwenyewe Colombo hakuijenga. Aliichukua nyumba ndogo moja kwenye kichochoro, kisha ya pembeni, hadi akawa na zote nne za mstari ule, na kwa miaka mingi akazivunja kuta na kuziunga, akiacha vijiua vya mwanga kati ya chumba na chumba, hadi usijue nyumba ilianzia wapi. Lakini iliyonigusa ni ile aliyomchorea msanii wa batiki, Ena de Silva, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiwanja ni cha mjini, kidogo. Badala ya kuweka nyumba katikati na kuizungushia majani, alizipeleka kuta mpakani na kuweka uwanja katikati, vyumba vikauzunguka, paa la vigae vya udongo likatokeza upenu mpana juu ya veranda zinazotazama ndani. Miaka mingi baadaye kiwanja kiliuzwa, na nyumba ilikuwa ivunjwe. Wakaifungua kipande kwa kipande, nguzo, milango, vigae, mawe, kila kimoja kikapewa namba, ikaenda kujengwa upya Lunuganga, kwenye shamba la Bawa mwenyewe. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Sikujua bado kwa nini.

Wa pili ni Alejandro Aravena wa Chile, na wenzake wa Elemental. Mjini Iquique, karibu na mwaka 2004, walipewa kazi ya kuzihamishia familia karibu 100 kwenye makazi mapya palepale zilipokuwa, kwa ruzuku ya dola 7,500 kwa kila familia, kiwanja na miundombinu ndani yake. Fedha hiyo haitoshi nyumba. Wao wakajenga nusu ya nyumba nzuri: msingi, kuta za mpaka, ngazi, jiko, choo, vile vitu ambavyo familia peke yake ingevikosea. Nusu nyingine wakaiacha tupu, pengo lenye ukubwa wa chumba, na wenyewe wakalijaza kadiri walivyopata. Aravena alipewa tuzo ya Pritzker mwaka 2016. Mtanzania akiisoma hiyo anatabasamu. Sisi sote tunajenga nusu nyumba. Tunaziita mapagale na tunaziona aibu. Tofauti ni kwamba pengo lao lilichorwa. Letu ni la kuishiwa hela. Nilipomweleza fundi, alifikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo wao walishaujua umaskini wa mteja, wakauweka kwenye ramani."

Ndiyo. Na mimi ramani yangu haikumjua mteja yeyote. Ilichorwa kwa ajili ya lile gari jeusi.

Siwezi kulivunja paa. Deni la benki bado. Fundi akalipanua gata, akatoboa matundu ya dharura kwenye ukuta wa juu ili maji yakizidi yarukie nje, akaweka wavu wa majani. Gharama yake siisemi, mume wangu anasoma hapa. Ila nikamwuliza kitu kingine: je, kama tukiuvunja ukuta wa uzio?

Alichora nyuma ya mfuko wa sementi. Pembeni ya geti, mita nne za ukuta zinarudishwa ndani mita moja na nusu. Kishimo hicho, kinachotazama barabara, kinawekwa benchi la kujengewa pande tatu. Juu, paa dogo la bati la kawaida kabisa, lisilofichwa, lenye upenu wa nusu mita. Nyuma ya benchi ukuta unaendelea kama kawaida, wezi wasipate cha kushukuru. Ni daka, kwa kweli. Daka la Lamu kwenye uzio wa Goba. Fundi wangu ni Mnyamwezi, hajawahi kufika Lamu, na alilichora kwa dakika nne.

Mume wangu alikataa. Alikataa kwa wiki mbili, na hoja zake hazikuwa za kijinga: vibaka watakaa hapo, bodaboda watapageuza kijiwe, watu watapakojolea usiku. "Tumelipia ukuta tofali kwa tofali," akaniambia, "unataka tukauvunje ili tuwape watu wasiotujua sehemu ya kukaa?" Nikasema ndiyo, na kwa mara ya kwanza nikasikia lilivyo jambo la ajabu. Nikamwambia nilichomwambia mama usiku ule. Hakuwa anajua. Alikaa kimya, akaenda kuzima taa za nje, akarudi akasema nimwite fundi.

Vipimo vilipimwa kwa mama. Fundi alitaka benchi la sentimita 45 kwa kwenda juu, kama viti vya dukani. Mama akasema na nyonga yake je. Akakalishwa juu ya tofali, wakaongeza moja, wakatoa, wakaweka ubao, hadi miguu ikagusa chini na aliweza kusimama bila kushikwa. Ikaja 52. Upana wa benchi ulipimwa kwa mkeka uliokunjwa mara mbili. Akaagiza kona moja iachwe bila benchi: "Ya mwenye mzigo kichwani, atue." Akaagiza sakafu iinamie barabarani, maji ya kuoshea yasirudi. Aliagiza hadi fundi akaanza kumwita injinia. Sikumwona mama akiwa hai kiasi kile tangu ashuke kwenye basi.

Katikati ya kazi hiyo kaka mkubwa akapiga simu. Nyumba ya Ngamiani imepata mnunuzi, mfanyabiashara anayetaka kuweka stoo ya bidhaa, anavunja yote. Bei nzuri, na mama ana matibabu. Nilitegemea atakataa. Alisikiliza hadi mwisho, simu imewekwa sauti kubwa, akauliza kitu kimoja tu: "Mlango wa mbele mtanipa?"

Ni mlango wa mninga, wa mbao mbili, babu aliununua kwa fundi wa Pangani. Haukuchongwa kama ile ya Unguja, una mstari mmoja tu wa maua juu. Kaka alisema mama, mlango wa nini, utauweka wapi. Akajibu kwamba si yeye aliyeuliza swali.

Mlango ulifika na lori la machungwa, umefungwa kwa magunia, na fremu yake, na kitasa chake cha komeo. Kaka mdogo alikuwa ameandika kwa chaki kwenye kila kipande: kulia juu, kushoto chini, kizingiti. Hajawahi kusikia habari za Ena de Silva. Fundi aliupima, akajikuna kichwa, akasema haungii popote kwenye nyumba ile. Milango yetu yote ni ya kipimo kimoja. Pa kuuweka ni pamoja tu, kwenye ukuta wa nyuma wa baraza, utoke barazani kuingia uwanjani, pembeni ya geti. Na ukuta huo ulikuwa umekwisha jana yake, plasta bado mbichi.

Tukauvunja tena.

Sasa ni mwaka wa tatu. Mume wangu alikuwa sahihi kuhusu bodaboda. Wamepafanya kijiwe kuanzia saa kumi na moja, na wamemweka mama kuwa mshika fedha wa mchezo wao wa kila wiki, anazifunga kwenye pindo la kanga. Muuza mboga ana kona yake. Mara moja mtu aliiba bati moja la upenu, akarudisha baada ya mama kutangaza kwamba anamjua mwizi, jambo ambalo hakuwa analijua. Mume wangu mwenyewe Jumapili anakaa pale na redio, na juzi alinipigia simu kutoka barazani, mita ishirini, kuuliza kama chai ipo. Tulipita Ngamiani mwaka jana kwenye msiba. Pale palipokuwa na nyumba pana ukuta mrefu wa bloku na geti moja la lori, na mama aliutazama bila kusimamisha bajaji.

Lile neno sijaliombea radhi kwa mdomo hadi leo, na yeye hajalitaja. Kuna jioni nilikaa naye barazani, watu wameondoka, nikaanza, "Mama, ile siku nilipokwambia..." Akanikatisha kumwitikia mtu salamu, mwanamume aliyekuwa anapita na baiskeli, ambaye sikuwahi kumwona. Waliulizana habari za mgonjwa fulani kwa dakika nzima. Alipoondoka, mama akaniambia nikamletee mkeka, umande unaanza.

Paa bado linavuja, upande wa jikoni. Fundi anasema ni kwenye kiungo cha gata. Tumeweka beseni.